Asali Iliyoganda Haina Kesi ya Kujibu

Kila ifikapo Juni na Julai, baridi ya usiku inapoishukia Kolwezi, mji wetu wa migodi huku Kongo, msimu wa mashtaka hufunguliwa sokoni. Mshtakiwa ni mama aliyepanga chupa zake za asali mezani. Mwendesha mashtaka ni mteja yeyote aliyenunua chupa wiki kadhaa zilizopita, akaiweka dirishani, na asubuhi moja akaikuta nusu imekuwa chengachenga, nyeupe chini, kahawia juu. "Mama, uliniuzia sukari." Shahidi hakuna, rufaa hakuna. Mama atarudisha pesa au atatoa chupa nyingine kwa hasara, na jirani zake wa meza watatazama pembeni, maana wanajua kesho ni zamu yao.

Mimi nasimama upande wa mshtakiwa. Najua tuko wachache. Imani kwamba asali halisi haigandi haikuzaliwa Kolwezi; iko Likasi, iko Lubumbashi, na ukisafiri hadi Tabora au Nairobi utaikuta imekutangulia. Imekaa vichwani kwa utulivu mkubwa, kama kodi ya nyumba ambayo hakuna anayekumbuka ilipangwa na nani.

Niieleze kwanza kama wenyewe wanavyoieleza, nisije nikaambiwa nimepigana na kivuli. Wanasema: asali ni chakula cha maumbile, na maumbile hayadanganyi, kwa hiyo asali ya kweli ni ileile kila mara, rangi moja, uzito mmoja, ladha moja. Ikibadilika, kuna mkono wa mtu. Ikiganda, mkono huo ulikuwa na sukari, kwa sababu kinachoganda ni sukari. Na raia wa kawaida hahitaji maabara kumkamata mwizi. Njiti ya kiberiti na glasi ya maji vinatosha. Hofu yao ina msingi. Wapo watu wanaochemsha sukari, wakaipaka rangi na kuitia ndani ya chupa yenye kipande cha sega kinachoelea kama cheti. Anayekana hilo hajawahi kununua asali kando ya barabara.

Nakubali wizi upo. Ninachokataa ni mbinu ya upelelezi, kwa sababu inamfunga asiye na hatia na kumsindikiza mwizi hadi nyumbani kwake.

Kwanza: mti haufuati matakwa ya mteja

Tunasema asali "imetoka porini", kana kwamba pori ni bomba moja. Uwanda wetu wa Lualaba uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na una misimu miwili isiyofanana hata kidogo. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kukoma mnamo Aprili. Baada ya hapo unakuja ukavu wa miezi mitano, ambao nusu yake ni baridi na nusu ya pili ni joto, vumbi na moshi wa mioto ya mwituni. Msitu unaomea hapa ni wa miyombo, na katika msitu huo miti inayobeba kazi ya nyuki haizidi jamii chache.

Muputu na ndugu zake wa jamii ya Brachystegia hufanya jambo linalomshangaza mgeni. Huchipua na kuchanua kati ya Agosti na Oktoba, ardhi ikiwa imekauka na hakuna wingu hata la kuazima. Majani yao machanga hutoka mekundu, rangi ya shaba hasa, mti ukiwa haujaonja tone moja. Maji yanatoka wapi? Chini, kwenye akiba iliyobaki tangu mvua ya msimu uliopita, ambako mizizi yao inafika. Mutondo, yaani Julbernardia paniculata, una tabia nyingine kabisa: hungoja mvua ielekee ukingoni, ukachanua kuanzia Machi au Aprili na kuingia nao kwenye baridi. Ndiyo maana mrina asali wa huku ana mavuno mawili, moja karibu na Oktoba na Novemba, jingine kati ya Mei na Juni.

Sasa tuone hali ya hewa inavyofanya kazi juu ya mpango huo. Masika yakiwa haba mwaka huu, muputu utaingia Agosti na akiba ndogo, maua yatakuwa machache na mbochi, yale maji matamu ya ua, yatakuwa kiduchu. Asali ya Oktoba hapo inatoa ushahidi juu ya mvua ya Februari iliyokwisha sahauliwa na kila mtu. Mvua kubwa ikiwahi kunyesha, mwishoni mwa Septemba tuseme, inaangusha maua, inazimua mbochi, na nyuki wanabaki ndani ya mzinga wakila walichokiweka. Moto wa mwituni ukipita Agosti badala ya Mei, unababua machipukizi yaliyokuwa yawe maua. Na mvua ikikataa kuondoka hadi Mei, mutondo huchanua kwa fahari lakini nyuki hawatoki, na wakitoka wanarudi na mbochi wa majimaji katika hewa yenye unyevu, kazi ya kuukausha ikawa ndefu. Nyuki hupokea mbochi ambao kwa kawaida sehemu yake kubwa ni maji, wakaupepea kwa mabawa hadi maji yashuke chini ya asilimia 20 hivi, ndipo wanaziba tundu kwa nta. Mwaka wa unyevu, kuziba kunachelewa. Mwaka ambao mvua ilikatika Machi, asali huwa kidogo na nzito, na mrina anashuka mtini na ndoo nyepesi.

Ongeza mahali. Mzinga uliotundikwa karibu na bonde lenye majimaji na ule ulio juu ya kilima upande wa Fungurume haioni maua yaleyale siku zilezile. Mteja anayedai asali ya Juni ifanane na ya Novemba anaudai mutondo ujifanye muputu.

Cha ajabu ni kwamba mteja huyuhuyu ni bingwa wa hali ya hewa linapokuja suala la bukari, yaani ugali. Ukame wa El Niño ulipoikausha Zambia, tunakopata sehemu ya unga wetu, mwaka 2024, hadi Rais Hakainde Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa mwezi Februari, hakuna mtu Kolwezi aliyehitaji kufundishwa uhusiano wa mawingu na sahani. Kila mtu alijua hindi bila mvua halijazi. Lakini nyuki, kwa maoni ya mteja, wanaishi mahali pasipo anga.

Pili: kinachoganda ni asali

Hoja ya sukari ina uzuri wake, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kinachoganda ni sukari, naam. Asali yenyewe ni sukari: glukosi na fruktosi, pamoja na maji kidogo, na vitu vingine vidogovidogo vinavyoipa rangi na harufu. Glukosi iliyomo ni nyingi kuliko inavyoweza kushikiliwa na maji hayo machache, kwa hiyo muda ukipita hujitenga na kufanya chenga. Asali yenye glukosi nyingi huganda upesi, yenye fruktosi nyingi hukaa majimaji kwa miezi mingi. Uwiano huo hutegemea ua lililonyonywa, na ua, kama tulivyoona, hutegemea mwaka ulivyokwenda.

Halafu kuna baridi. Asali huganda kwa kasi kubwa zaidi kwenye joto la nyuzi 14 hivi. Juni na Julai, usiku wa Kolwezi hushuka chini ya nyuzi 10 na mchana hupanda tena hadi kwenye ishirini na kitu. Chupa iliyoko dirishani inapita kwenye nyuzi 14 mara mbili kila siku, jioni ikishuka na asubuhi ikipanda. Huwezi kubuni mtambo bora wa kugandisha asali kuliko dirisha la nyumba ya mtaani Manika au Dilala mwezi wa saba. Kisha mwenye dirisha anamshtaki mama wa sokoni.

Tuje kwa mwizi. Yeye ameisoma hukumu ya umma na kujipanga. Sukari iliyochemshwa na ndimu haigandi kirahisi. Kila anayepika maandazi ya kuzamishwa shira analijua hilo. Asali iliyopikwa kwa moto mkali, hadi chembe zote zikayeyuka, nayo huchelewa sana kuganda. Kwa hiyo bidhaa mbili zinazofaulu mtihani wetu wa kizalendo ni shira ya sukari na asali iliyounguzwa. Inayofeli ni ile iliyotoka kwenye sega, ikachujwa kwa kitambaa na kutiwa chupani bila kuguswa. Tumetengeneza mtego unaomnasa mwenye nyumba na kumfungulia mlango mgeni.

Tatu: kiberiti na Metorex

Kiberiti ndicho chombo cha upimaji kinachopendwa zaidi. Chovya njiti kwenye asali, iwashe. Ikiwaka, asali ni halisi. Njiti ikiwaka, umejifunza kwamba njiti ni kavu. Shira nzito nayo itairuhusu kuwaka. Glasi ya maji ni hivyohivyo: asali huzama kwa sababu ni nzito kuliko maji, na shira nzito huzama kwa sababu ileile. Kuhusu sisimizi, wanaosemekana kuikimbia asali halisi, sijui nani aliwaambia. Mrina yeyote aliyeacha ndoo wazi usiku mmoja ana maoni tofauti.

Haya yangekuwa mambo ya kuchekesha kama yangefanyika mahali pengine. Lakini tuko Kolwezi. Hapa mchimbaji wa mkono akileta gunia la kobalti kwenye depo za Musompo, mnunuzi haliweki gunia kwenye glasi ya maji. Anachukua kimashine kinachoitwa na wote Metorex, anakielekeza kwenye jiwe, na asilimia inasomeka. Wachimbaji wanalalamika kwamba kimashine kinasema uongo, kwamba kimerekebishwa ili kisome chini, na ugomvi huo hauishi. Hata hivyo ni ugomvi wa watu wanaokubaliana jambo moja la msingi: jiwe la shimo hili si sawa na jiwe la shimo lile, na tofauti hiyo lazima ipimwe, kwa sababu ndiyo bei. Mji mzima unaishi kwa kanuni hiyo. Ukifika kwenye asali, mji huohuo unawasha njiti.

Vipimo vya asali vipo, na kimoja si ghali. Refraktometa ya mkononi ina ukubwa wa tochi ndogo. Unadondoshea tone, unaielekeza kwenye mwanga, unasoma kiasi cha maji. Haitakuambia kama kuna sukari ya dukani, na atakayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Hilo ni la maabara. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali nyingi, na sukari ya aina ya miwa isizidi gramu 5 katika gramu 100. Kinapima pia HMF, kemikali inayoongezeka asali ikipikwa au ikikaa muda mrefu kwenye joto, na hapo Codex inatoa kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, lakini 80 kwa asali ya nchi za tropiki. Ona basi: hata waandishi wa kanuni za dunia, watu wasiojulikana kwa wepesi wa kubadili mawazo, waliona kwamba jua la mahali lina haki ya kuandikwa ndani ya kipimo. Mteja wa soko letu bado hajalikubali.

Nne: mwaka ni fahari kwenye chupa moja, aibu kwenye nyingine

Wapo watu wenye uwezo hapa mjini, na sherehe zao zina mvinyo. Chupa inavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, au inatoka mbali zaidi, imeandikwa jina la shamba na mwaka wa mavuno. Mwenyeji anaigeuza ili wageni wausome mwaka huo. Anajua, au amesikia, kwamba mwaka 2003 Bordeaux iliungua kwa joto na mvinyo wake ukatoka mzito, wenye ladha ya matunda yaliyoiva mno; na kwamba 2013 baridi na mvua viliharibu maua na zabibu zikavunwa kidogo na kwa wasiwasi. Shamba moja, mizabibu ileile, mivinyo miwili isiyofanana. Kwa tofauti hiyo anatoa dola bila kunung'unika. Inaitwa utaalamu.

Na asiniambie kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na nchi za baridi. Dodoma, katikati ya Tanzania, mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara moja kwenye majira ya mvua na mara ya pili kwenye ukavu, na wakulima wa kule hawahitaji kuelezwa kwamba zabibu za mvua huandamwa na ukungu na kubeba maji mengi, ilhali za kiangazi huja na sukari zaidi. Mavuno mawili, kama warina wetu wa muputu na mutondo.

Mwenyeji wetu kesho yake anakwenda sokoni, anakuta asali ya mwezi huu ni nyeusi kuliko ya mwezi ule, na anamwita mama mwizi.

Tano: nani analipa

Soko likiadhibu tofauti, litaletewa mfanano. Mchuuzi anayenunua ndoo kutoka vijiji mbalimbali hana sababu ya kuzitenga. Anamimina ya kilimani na ya bondeni, ya Mei na iliyobaki ya Novemba, katika sufuria moja, anaichemsha isigande, na kuuza kitu kisicho na msitu wala msimu. Mrina aliyengoja hadi sega lizibwe lote analipwa sawa na aliyekata mapema. Hapo subira inakuwa ujinga, naye si mjinga; msimu ujao atakata mapema. Asali ya mapema ina maji mengi, huchacha, na mteja anapata sababu mpya ya kusema warina ni wezi. Safari hii yuko karibu na ukweli, ila hajui kwamba yeye ndiye aliyeuandaa.

Siwatetei warina kama malaika. Mzinga wa gome, unaotengenezwa kwa kuuvua mti mzima ngozi yake, unaua mti ili kuwapa nyuki nyumba, na mara nyingi mti wenyewe ni mutondo au muputu, ndio uleule uliokuwa uwalishe. Moto wa kufukuzia nyuki umeteketeza zaidi ya nyuki. Haya yanajulikana, na mizinga ya mbao ipo.

Lakini adui mkubwa hapandi mtini na moshi. Anaegesha lori. Pita barabara ya Likasi uone magunia ya makala, yaani mkaa, yalivyopangwa. Mutondo na muputu vinatoa makala mazuri, ya moto mkali na ya kudumu, na sisi wa mjini ndio tunaoyanunua. Juu ya tanuri za makala zinapita nyaya za umeme kutoka Nzilo na Nseke, mabwawa yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kampuni ya madini ya Union Minière, na hadi leo kinachong'aa zaidi kwa umeme huu ni migodi, si majiko. Kwa hiyo bukari inapikwa kwa mutondo. Mti unauzwa mara moja, kwa gunia. Kitu pekee kinachoweza kumfanya mwanakijiji auache usimame ni kipato kinachorudi kila mwaka, na kipato hicho ni asali yenye jina la msitu wake na bei ya msitu wake. Tukishasema asali zote lazima zifanane, na kwamba isiyofanana ni ya wizi, tumeifuta bei hiyo. Hesabu inabaki ya gunia peke yake.

Anayejiona mlinzi wa asali halisi kwa kiberiti chake anashiriki katika hesabu hiyo, hata kama mkono wake haujawahi kushika shoka.

Kwa hiyo nina maombi, na si makubwa. Mama unayeuza, bandika karatasi kwenye chupa na uandike vitu viwili kwa kalamu: mwezi wa kurina na mahali. Usichanganye ndoo za vijiji viwili, na mteja akikuuliza kwa nini hii ni nyeusi, mwambie mvua ilivyokwenda. Ofisi ya udhibiti, OCC, inayojua kupima shehena mipakani, inaweza kupeleka refraktometa moja kwenye soko moja kwa kuanzia. Mji unaopima kobalti kutwa nzima hautashindwa na tone la asali.

Nawe mteja, uliza mwezi na mahali kabla ya kuuliza bei. Asali ikiganda, iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu unayoweza kuvumilia kuingiza mkono, usiichemshe, nayo itarudi. Au ile hivyohivyo kwa kijiko, mkate unaipenda zaidi. Ukiikuta inatoa povu na kunuka uchachu, hiyo imerinwa mbichi au imetiwa maji. Hapo chukua chupa yako, rudi sokoni, udai pesa yako yote.